Mbwa wa kazi akiugua au akizeeka, nani anambeba?

Mwana Kurasini (mleta mada)

Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Mimi ni wakala wa forodha katika Bandari ya Dar es Salaam, na katika shughuli zangu nimeona mara nyingi mbwa wakiletwa kunusa makontena yanayosubiri kupakiwa melini. Wiki iliyopita, mnamo saa nane mchana, nilisimama karibu na askari aliyekuwa na mbwa wake, jua likiwaka na sakafu ya zege ikiunguza hata sisi tuliovaa viatu. Mbwa yule alipita kontena baada ya kontena, akiingiza pua kwenye maungio ya milango na kwenye matundu ya hewa, kisha akaketi kimya mbele ya mojawapo na kumtazama askari wake. Askari akamrushia mpira, naye akaudaka kwa furaha. Wenzangu wakaangua kicheko, na mmoja akasema kwamba huyo naye amelipwa mshahara wake. Baadaye tuliambiwa kwamba lilikuwa zoezi tu, na kwamba sampuli ilikuwa imefichwa pale makusudi ili kumpima.

Kicheko kile kilinirudia usiku. Sensa za wanyamapori zilionyesha kwamba tembo wa Tanzania walipungua kutoka takribani 109,000 mwaka 2009 hadi takribani 43,000 mwaka 2014, na sehemu kubwa ya pembe zilizong'olewa katika miaka hiyo ilitafuta njia ya kutoka kupitia bandari za mwambao huu, yetu ikiwa mojawapo. Sisemi kwamba mbwa ndiye aliyeuzima moto ule, kwa maana kulikuwa na askari wa doria, wapelelezi na mahakimu. Lakini kontena lililojazwa mwani au ufuta, likafungwa na kutiwa lakiri, halifunguliwi bila sababu, na mara nyingi sababu hiyo hutoka katika pua ya mnyama ambaye sisi tunamcheka.

Ninalouliza ni hili. Mbwa wa namna hii akiugua, ni nani anayemlipia matibabu, na akizeeka anapelekwa wapi? Je, wenzetu wa nchi nyingine wana sheria yoyote juu ya jambo hili? Nisingependa kuletewa kejeli, kwa kuwa hizo nimezisikia za kutosha kazini.

Kamba Ndefu

Ndugu Mwana Kurasini, nimefanya kazi na mbwa kwa miaka kumi na moja, kwanza nikifuata nyayo za majangili porini na baadaye nikikagua mizigo, kwa hiyo nitajibu kwa yale niliyoyashika kwa mikono yangu.

Nianze na ule mpira, maana ndio uliowachekesha wenzako. Mbwa hajui thamani ya pembe ya ndovu wala ya magamba ya kakakuona, na wala hana chuki na msafirishaji haramu. Kilichofanyika ni kwamba tangu mafunzo ya mwanzo harufu hiyo imefungamanishwa na mchezo anaoupenda kuliko kitu kingine chochote, hivyo kila anapoitafuta harufu huwa anautafuta mpira wake. Ndiyo maana katika kuchagua mbwa hatutafuti mkali, bali tunatafuta yule asiyechoka kucheza, ambaye ukitupa mpira kichakani ataendelea kuutafuta hata baada ya wewe mwenyewe kukata tamaa. Na hapa nipinge uvumi ambao nimeusikia kuanzia Namanga hadi Horohoro, kwamba mbwa wanaonusa dawa za kulevya hulishwa dawa hizo hadi wakawa watumwa wake. Si kweli hata kidogo. Mbwa aliyeleweshwa hafanyi kazi, na kiasi kidogo tu cha dawa nyingine kingemuua.

Shirika la African Wildlife Foundation lilianzisha mpango wake wa mbwa mwaka 2014, na mafunzo hufanyika Usa River, nje kidogo ya mji wa Arusha, ambako mbwa na askari hufundishwa pamoja kabla ya kupelekwa kwenye vituo vya Tanzania, Kenya, Uganda na kwingineko. Neno "pamoja" nimelitumia kwa makusudi. Wahenga walisema mbwa wa msasi mkali ni mkali pia, na sisi tuliokaa na wanyama hawa tunajua kwamba hasira ya askari, uvivu wake au wasiwasi wake hushuka kupitia kamba hadi kwa mbwa. Ukimhamisha askari ghafla na kumkabidhi mbwa wake mtu asiyemfahamu, hujampoteza askari mmoja tu, umeharibu kazi ya miezi mingi.

Kuhusu matunzo, katika kituo kimojawapo nilichofanyia kazi, ambacho sitakitaja, mbwa wangu alikuwa ameandikwa katika daftari la vifaa, katikati ya tochi na redio za mawasiliano. Alipofikisha miaka tisa na nyonga zake zikaanza kumsumbua, aliondolewa katika orodha ile kama kinavyoondolewa kiti kibovu. Chakula chake kilikatwa mwezi uleule. Nilimchukua nyumbani kwangu, nikamlisha dagaa na ugali wa dona kwa mshahara wangu, akaishi miaka mitatu mingine. Sikufanya hivyo kwa wema wa pekee. Nisingeweza kumwacha, basi.

Mlipa Kodi

Ninawasoma kwa heshima, lakini naomba niulize kile ambacho wengi wanakifikiri bila kukisema. Katika kata yangu zahanati inaweza kukaa wiki nzima bila dawa za kawaida, na mama wajawazito huambiwa waende na glavu zao. Leo tunaambiwa tumfikirie mbwa, tena mbwa mzee asiyefanya kazi tena. Je, huu si ubwana wa kuiga kutoka kwa watu walioshiba?

Daktari wa Mifugo

Ndugu Mlipa Kodi, swali lako ni halali, nami nitalijibu kwa hesabu kabla ya kulijibu kwa huruma.

Mbwa wengi wa kazi walioko katika hifadhi zetu, au wazazi wao, wametoka Ulaya, nao hawana ustahimilivu dhidi ya maradhi ya huku. Adui wao mkubwa porini si chui wala jangili, ni mbung'o. Vimelea vinavyosababisha nagana kwa ng'ombe humshika mbwa pia, tena kwa ukali zaidi: hupata homa, uso huvimba, damu hupungua, na macho hufunikwa na utando mweupe unaoelekea ubuluu mpaka mwongozaji anadhani mnyama wake amepofuka ghafla. Asipotibiwa mapema, mara nyingi hufa. Kinga ipo, nayo ni sindano inayorudiwa kila baada ya kipindi fulani, pamoja na kuchukua damu na kuitazama kwa hadubini mara tu mbwa anapoanza kukataa chakula. Ukiongeza homa inayoletwa na kupe, ambayo dalili yake mojawapo ni mkojo wa rangi ya kahawa, utaona kwamba uhai wa mbwa wa porini unategemea vitu vya bei nafuu vinavyopatikana kwa wakati: sindano, dawa ya kupe, na mtu aliyefundishwa kutambua dalili.

Lipo pia suala la joto, ambalo mleta mada amelishuhudia bila kulitaja kwa jina. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi. Sehemu pekee ya ngozi yake yenye jasho la maana ni nyayo, na njia yake kuu ya kujipoza ni kuhema kwa mdomo wazi. Sasa, mnyama anayehema kwa mdomo hawezi wakati huohuo kunusa vizuri, kwa sababu kunusa kunahitaji pumzi fupifupi za haraka kupitia puani. Kwa hiyo mbwa aliyechoshwa na jua la saa nane anaweza kulipita kontena lenye pembe bila kuketi, na kosa hilo si lake. Kivuli, maji na zamu fupi ni sehemu ya ukaguzi wenyewe, kama ilivyo lakiri na fomu.

Ndiyo maana ninasema tuanze na hesabu. Serikali au mfadhili amekwisha kugharamia ununuzi, usafiri na mafunzo ya miezi kadhaa ya mbwa mmoja na askari mmoja. Kumpoteza mbwa huyo akiwa na miaka minne kwa kukosa sindano ya mbung'o ni sawa na kununua gari jipya na kubania pesa ya oili. Fedha hiyo haikuokolewa kwa ajili ya zahanati yako, imetupwa tu, na zahanati yako haikupata hata glavu moja.

Fimbo Nyeupe

Shikamooni wakubwa. Nimezaliwa Tanga, sasa ninaishi Uingereza, na sioni tangu nilipokuwa na miaka ishirini na sita. Kwa miaka sita nimetembea na mbwa mwongozaji, kwa hiyo niruhusuni niwapeleke kidogo nje ya bandari, ingawa swali linabaki lilelile.

Watu hudhani kwamba mbwa ndiye anayejua njia na mimi ninakokotwa tu. Sivyo. Njia ninaijua mimi, nimeihifadhi kichwani kona kwa kona, na mimi ndiye ninayetoa amri. Kazi yake ni kunipitisha salama katika njia hiyo: kusimama penye ukingo wa barabara na penye ngazi, kuzunguka nguzo, kukwepa tawi lililoning'inia usawa wa uso wangu wakati yeye mwenyewe angeweza kupita chini yake bila taabu. Hasomi rangi za taa za barabarani. Mimi husikiliza magari na kuamua. Hata hivyo, nikikosea nikamwamuru avuke huku gari lisilo na kishindo, kama haya ya umeme, likija, yeye amefundishwa kukataa. Hilo la kukataa amri ya bwana wake kwa ajili ya usalama wa bwana wake ndilo somo gumu kuliko yote, na mbwa wengi wazuri hushindwa hapo.

Historia ya kazi hii si ndefu. Wajerumani waliwafunza mbwa kwa ajili ya askari waliopofuka katika Vita Kuu ya Kwanza, na shule ilifunguliwa Oldenburg mwaka 1916. Mwaka 1928 kijana wa Kimarekani asiyeona, Morris Frank, alisafiri hadi Uswisi kwa mfunzaji wa mbwa, Dorothy Harrison Eustis, akarudi New York na mbwa aitwaye Buddy, akavuka naye barabara yenye msongamano mkubwa mbele ya waandishi wa habari. Mwaka uliofuata wakaanzisha shule ya The Seeing Eye. Hapa Uingereza mbwa wanne wa kwanza walikabidhiwa kwa watu wao mwaka 1931. Barani Afrika, Afrika Kusini ina chama chake tangu mwaka 1953. Kwetu Afrika Mashariki njia za miguu zenyewe zimekatwa na mitaro, bodaboda na meza za wachuuzi, na sidhani kwamba mbwa mwongozaji ndiye hitaji la kwanza la ndugu zangu wasioona. Ningetanguliza fimbo nyeupe bora na mitaro iliyofunikwa. Ninasema hivyo ili nisieleweke kwamba ninataka kila kitu cha huku kihamishiwe Tanga.

Lakini sheria za huku zina la kufundisha. Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 inamkataza dereva wa teksi kunikataa kwa sababu ya mbwa wangu au kunitoza nyongeza, na akifanya hivyo anashtakiwa, isipokuwa awe na cheti cha msamaha kwa sababu ya afya yake. Pamoja na sheria hiyo nimewahi kuachwa kwenye mvua mara mbili na madereva waliosimama, wakamwona mbwa, wakaondoka. Mmoja wao, kwa bahati mbaya, nilimsikia akizungumza Kiswahili kwenye simu. Msaada mkubwa ninaouhitaji kwa mpita njia hauna gharama yoyote: asimwite mbwa, asimpapase, asimpe kipande cha chapati wakati amevaa mkanda wake wenye mpini. Sekunde tatu anazogeuka kukufurahia wewe ndizo ninazoweza kuanguka mimi.

Ndugu Mlipa Kodi ameuliza kama huu ni ubwana wa walioshiba. Namkumbusha kuhusu Gulu, kaskazini mwa Uganda. Francis Okello Oloya alipoteza macho yake akiwa na miaka 12 kwa mlipuko wa bomu lililokuwa limefukiwa ardhini, na alipokuwa shule ya bweni, mbwa wa pale ndio waliokuwa wakimsindikiza usiku kwenda chooni. Alipokuwa mtu mzima alianzisha mradi unaowakutanisha watu waliojeruhiwa nafsi na vita vya kule na mbwa waliokuwa wakirandaranda mitaani. Hawa si mbwa wa ukoo wa bei kali kutoka Ulaya. Ni koko wetu hawahawa, nao wenyewe walikuwa wamepigwa mawe.

Mzee wa Kibokoni

Wanangu, marahaba. Sisi wa mwambao lazima tuliseme wazi jambo ambalo mmelizunguka, kwa sababu ndilo linalowafanya wengi wetu wamkwepe mnyama huyu. Wengi wetu hapa Mombasa, kama ilivyo Lamu na Unguja, tunafuata madhehebu ya Imamu Shafi, na kwetu mbwa ni najisi nzito, ambayo hutakaswa kwa kuosha mara saba, mojawapo kwa udongo. Hilo silipunguzi. Lakini najisi si laana, na watu wamezichanganya mbili hizi hadi mtoto wa madrasa anamtupia mbwa jiwe akidhani amepata thawabu. Mwanachuoni atakwambia kwamba kikavu kikigusana na kikavu, najisi haihami. Katika Surat al-Maida, aya ya 4, kimehalalishwa kile anachokikamata mnyama wa kuwinda aliyefundishwa, nalo neno la "kufundishwa" limo mle mle ndani ya aya. Watu wa Pangoni walikuwa na mbwa wao, amenyoosha miguu yake kizingitini, naye ametajwa pamoja nao katika Surat al-Kahf. Na mtu aliyeteremka kisimani akamnywesha mbwa mwenye kiu kwa kiatu chake alisamehewa. Hadithi hiyo ipo katika Bukhari na Muslim.

Mwaka 2008, huko Leicester, Uingereza, kijana Mwislamu asiyeona aliruhusiwa kuja msikitini na mbwa wake mwongozaji, baada ya wanazuoni kutoa fatwa, na mbwa akatengewa mahali pa kupumzika nje ya ukumbi wa swala. Naona hilo ni jibu la watu wenye adabu: swala imehifadhiwa, na kijana hakufungiwa mlango.

Ila nina neno kwako, Kamba Ndefu. Usitarajie kwamba mbwa mstaafu wa bandari ya Mombasa atapata nyumba ya kumlea Mji wa Kale. Hatapata. Kwa hiyo hoja ya kuwaachia watu binafsi wajitolee haitoshi kwetu. Aliyemtumia ndiye anayepaswa kumtunza, kama anavyotunzwa punda aliyezeeka pale Lamu, ambako ipo hospitali yao maalumu.

Mtu wa Ohio

Nitachangia kwa ufupi juu ya sheria za Marekani, kwa kuwa ziliulizwa. Takribani mbwa 4,000 walitumika katika vita vya Vietnam, na wengi wao hawakurudishwa nyumbani, kwa sababu walihesabiwa kuwa vifaa vilivyozidi, neno lilelile la daftari la Kamba Ndefu. Mwaka 2000 Rais Clinton alitia saini sheria iliyowaruhusu askari waliowaongoza, na raia wanaofaa, kuwachukua mbwa wa jeshi wanaostaafu. Inaitwa Sheria ya Robby, kwa jina la mbwa ambaye askari wake alimwomba akakataliwa. Uingereza nao wana sheria ya mwaka 2019 iliyoondoa utetezi wa "nilikuwa najihami" kwa mtu anayemjeruhi mnyama wa kazi, baada ya mbwa wa polisi aitwaye Finn kuchomwa kisu mwaka 2016 akimkinga askari wake. Kabla ya hapo, kesi ya namna hiyo iliweza kuhesabiwa kama uharibifu wa mali tu.

Mlipa Kodi

Nimesoma yote. Hoja ya Daktari kuhusu sindano nimeikubali, kwa kuwa ni hoja ya matumizi mabaya ya fedha, na hiyo ndiyo lugha yangu. Juu ya pensheni ya mbwa bado sijashawishika kabisa, lakini nakiri kwamba kumfuta katika daftari na kumkatia chakula mwezi huohuo ni jambo la aibu.

Mwana Kurasini (mleta mada)

Nawashukuru nyote. Jambo moja limenichoma zaidi, nalo ni kwamba Magawa, panya buku aliyefunzwa Morogoro kisha akapelekwa Kambodia kugundua mabomu ya ardhini kwa pua yake, alipewa nishani ya dhahabu mwaka 2020 na shirika la Uingereza, na alipostaafu na hata alipokufa mwaka 2022 habari zake zilisomwa duniani kote. Sisi tulizisoma na kujivunia. Kumbe tunaweza kumheshimu mnyama wa kazi, alimradi mtu mwingine aanze.

Nimezungumza na mawakala wenzangu saba, na tumekubaliana kuomba kibali cha kuchangia banda la mabati lenye kivuli karibu na eneo la ukaguzi, pamoja na mabakuli ya maji yatakayokuwa yamejazwa wakati wote. Nisaidieni: je, ombi hilo linafaa, au tutakuwa tunaingilia kazi za watu?

Kamba Ndefu

Banda linafaa sana, na mwombe mkuu wa kikosi awaonyeshe mahali, ili lisiwekwe karibu na moshi wa malori. Mabakuli msiweke. Mbwa wa kazi hufundishwa kula na kunywa kwa mkono wa mwongozaji wake tu, kwa sababu ya watu wenye nia mbaya. Bakuli lililo wazi mahali ambapo mzigo wa mamilioni unasubiri kuondoka linaweza kutiwa sumu usiku mmoja tu. Vuteni bomba, wekeni koki yenye kufuli, na ufunguo mkabidhini askari.